Mama Pindo na skrini iliyopinda

Saa nne asubuhi, cherehani ya Mama Pindo inanguruma kama kawaida, lakini akili ya mwenyewe haipo kwenye kitambaa. Mbele yake kuna rundo la suruali za sare za shule zinazosubiri kufupishwa. Anakunja, anapitisha sindano, anakata uzi kwa meno. Kisha anainua uso na kumtazama msichana aliyekuja kuchukua sketi yake.

"Samahani mwanangu, wewe unajua hezi?"

"Hezi? Ni kitambaa kipya?"

"Ingekuwa kitambaa ningekuuliza wewe?" anajibu, na wote wawili wanaangua kicheko.

Cha ajabu ni kwamba skrini ya kompyuta yenye hezi hizo ilishanunuliwa. Imewekwa mezani nyumbani kwake na inafanya kazi. Ila fundi huyu wa nguo anasema alitoa pesa yake kwa kitu ambacho mpaka leo hakijamwingia kichwani, na hana aibu kuendelea kuuliza.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, kwa jinsi anavyopinda nguo mshono usionekane. Chumba chake cha kazi kina cherehani mbili, moja nzima na nyingine ya kuchomolewa vipuri, kioo kirefu, na kamba iliyojaa nguo zilizokwisha. Shule zikikaribia kufunguliwa anapata kazi hadi anazikataa. Miezi mingine anashinda akibadilisha zipu.

Mumewe alikuwa dereva wa malori makubwa ya masafa ya mbali. Wenzake walimwita Mzee Breki, kwa kuwa hakuwa mtu wa papara barabarani. Miaka miwili iliyopita, akiwa nyumbani ananawa mikono ili ale, alianguka. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto.

"Alirudi kutoka hospitali akiwa hai, nikamshukuru Mungu," anasema Mama Pindo. "Lakini yule niliyemjua mimi hakurudi kamili."

Mzee Breki aliacha kutoka nje. Kinyozi alimfuata nyumbani. Madereva wenzake walipokuja kumjulia hali, alijifanya amelala mpaka wakaondoka. Fimbo aliyopewa ya kutembelea aliiegemeza nyuma ya mlango, mahali ambapo mgeni hawezi kuiona.

Aliyevunja ukimya huo ni mdogo wake, fundi wa simu na kompyuta. Aliunganisha kompyuta kwa vipande vilivyobaki kazini, akatafuta usukani wa gemu na pedali zake, kuukuu lakini zima, akaweka mchezo wa kuendesha malori. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilimtosha kaka yake kuuendesha.

Mwanzoni Mzee Breki aliudharau. "Mimi nicheze mchezo wa watoto?" alimfokea mdogo wake, akageukia ukutani.

Siku chache baadaye Mama Pindo alirudi kutoka kazini akamkuta mumewe ameshika usukani, anarudisha tela nyuma kwenye uwanja wa kupakia mizigo, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama zamani.

"Nikamsalimia. Hakunigeukia. Akasema, 'Ngoja kwanza mama, nina mzigo.' Nilitoka nje nikalia. Jirani akadhani tumefiwa."

Furaha hiyo haikudumu. Skrini iliyokuwapo ilikuwa ya zamani, ndogo, na picha zake zilikuwa zikiburuta. Lori likikata kona, miti ya kando ya barabara iligeuka ukungu. Baada ya muda mfupi Mzee Breki alishikwa na kizunguzungu, akaachia usukani na kufumba macho. Daktari alimshauri apumzike kila hali hiyo inapomjia. Kuhusu skrini, alisema waziwazi kwamba hayo si mambo yake.

Mdogo mtu ndiye aliyejitia kujua. "Shemeji, tafuta skrini iliyopinda, yenye hezi nyingi, ya bei nafuu," alimwambia. "Ukipata hiyo, umemaliza."

Mama Pindo anatikisa kichwa anapokumbuka. "Nilimaliza kweli. Nilimaliza viatu."

Alianzia duka kubwa lenye vioo, ambako skrini zilipangwa ukutani kama picha za harusi. Alipoonyeshwa iliyopinda, akarudi hatua nyuma.

"Hii si imeanguka?" alimuuliza muuzaji, kijana aliyening'iniza vipokea sauti shingoni.

"Hapana mama, ndivyo ilivyotengenezwa. Inakuzunguka macho."

"Na hezi?"

"Hezi ni mara ngapi picha inabadilika kwa sekunde moja. Hii mia moja sitini na tano. Ile pale mia mbili arobaini."

"Kwa hiyo ile ni bora?"

"Inategemea kompyuta yako."

"Inategemea vipi?"

"Kompyuta ikiwa haina nguvu, hizo hezi hazifiki."

"Sasa zinaishia wapi?"

Kijana akavuta maboksi mawili karibu.

Wakaja kwenye mpindo wenyewe. Boksi moja lilikuwa na namba elfu moja na mia tano, jingine elfu moja na mia nane. Mama Pindo akachagua la namba kubwa, akiamini ndilo lenye skrini iliyopinda zaidi. Kijana akamsahihisha. Namba ikipanda, mpindo unapungua.

"Kwa nini?"

"Ndivyo wanavyopima, mama."

"Basi mimi mteja akiniambia nimpunguzie suruali, niirefushe!"

Duka la pili, mama mwenye duka alimwonya asinunue kabisa skrini iliyopinda ya bei ya chini, kwa sababu rangi nyeusi inaacha mkia picha ikikimbia. Duka la tatu wakamwambia huyo mama anasema hivyo kwa kuwa za kwake zote ni bapa. Pembeni ya duka hilo mteja mwingine akadakia kwamba cha maana ni milisekunde, yaani wepesi wa rangi kubadilika. Mwingine akasema milisekunde ni za kuandikwa tu kwenye boksi. Wakabishana hao wawili mpaka Mama Pindo akawaacha hapo hapo, akaenda zake.

"Kila niliyemuuliza alikuwa na uhakika," anasema. "Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sina. Nikajiona mjinga."

Mwishowe alirudi duka la vioo na kununua ile kubwa kuliko zote alizoweza kufikia, ya hezi mia mbili arobaini, iliyokuwa kwenye ofa. Fedha yake ilikuwa ya msimu mzima wa sare. Hakumwambia mumewe. Alitaka iwe furaha ya ghafla.

Shemeji mtu akaja kuifunga. Meza ilikuwa nyembamba, skrini ikaja karibu na uso wa Mzee Breki na kumzingira huku na huku. Akawasha lori. Akatoka getini, akapanda kilima cha kwanza. Hakufika juu. Aliachia usukani, akashika meza kwa mkono wake mzima, jasho likimtoka.

"Zima," alisema. "Zimeni hiki kitu!"

Mama Pindo alishikwa na hasira ambayo anasema hakujua alikuwa nayo. "Hata dakika tano hujafikisha! Unajua nimezunguka kiasi gani?"

"Nani alikutuma?"

"Nani anitume? Wewe huwa unasema na nani humu ndani?"

"Hakuna aliyeniuliza!" Mzee Breki alipaza sauti, maneno yakimtoka kwa shida kama yanavyomtoka tangu augue. "Mnanunua, mnafunga, mnanikalisha. Mnanifanyia mambo kama marehemu. Macho ni yangu. Hakuna aliyeniuliza."

Mdogo mtu akajifanya anatafuta waya chini ya meza. Chakula kikaivishwa, kikaliwa, vyombo vikaoshwa.

Asubuhi yake Mama Pindo alijifunga kitenge, akaanza kurudisha skrini kwenye boksi lake. Duka lilikubali kubadilisha ndani ya wiki. Alisimama mbele ya mumewe akiwa ameshika boksi hilo, akasema jambo ambalo, kwa maelezo yake, lilikuwa kweli tupu.

"Baba, mimi sijui nikawaombe nini. Wakiniuliza tatizo ni nini, nitawajibu vipi? Ni hezi? Ni mpindo? Ni ukubwa? Sijui. Nakuuliza sasa. Twende wote?"

Mzee Breki aliutazama mlango. Kisha akasema, "Nipe hiyo fimbo."

Walikwenda kwa teksi. Dereva alikuwa na haraka, na Mzee Breki, aliyeketi mbele, alikanyaga sakafu kila kona akitafuta breki ambayo haikuwa upande wake. Mkewe alikuwa nyuma amekumbatia boksi. "Nilikuwa naogopa watu watamtazama," anasema. "Tulipofika nikaona hakuna anayemtazama. Watu walikuwa wanatazama bei."

Kijana wa vipokea sauti alimletea mzee kiti. Dukani kulikuwa na kompyuta ya kujaribia, yenye usukani na pedali, na kwa bahati na mchezo wenyewe ulikuwapo. Akamwekea skrini ya kwanza. Mzee akaendesha kidogo, akatikisa kichwa. Ya pili, bapa, akasema, "Hii hapana, kingo zinanikimbia." Ya tatu ilikuwa imepinda kidogo tu, ndogo kuliko ile waliyorudisha, ya hezi mia moja arobaini na nne. Kwenye kibandiko cha bei ilikuwa miongoni mwa za chini kabisa.

Mzee Breki akatoka nayo getini. Akapanda kilima. Akashuka. Akaingia mjini, akajaribu kukata kona nyembamba, tela likapanda ukingo, likang'oa nguzo ya taa na kubomoa ukuta wa mtu.

Kijana akanyoosha mkono ili aanzishe upya. Kisha akasikia sauti, akageuka. Mzee alikuwa anacheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, mabega yakimtikisika.

"Miaka yote hiyo barabarani sijawahi kugusa hata ndoo ya mtu," alisema akijifuta machozi. "Leo nimevunja nyumba!"

Mama Pindo anasema hakuuliza hezi wala nini. "Nilimwambia yule kijana, funga hiyo. Ilikuwa miaka miwili sijakisikia kile kicheko."

Mambo yangeishia hapo, yangekuwa mepesi kusimulia. Lakini siku chache baada ya skrini mpya kufungwa nyumbani, huku Mzee Breki akiendesha bila kizunguzungu, mdogo wake alipita, akachungulia mipangilio ya kompyuta, akashika kichwa.

"Shemeji, ilikuwa imewekwa hezi sitini! Sawa na ile ya zamani. Na ile kubwa tuliyorudisha nayo sikuibadilisha."

"Maana yake?"

"Maana yake hata ile hatukuijaribu vizuri."

"Basi mbona hii haimsumbui?"

Akakuna kidevu. "Labda ukubwa. Labda mpindo. Au picha ya hii haiburuti. Kusema kweli, sijui."

Akabadilisha, ikawa mia moja arobaini na nne. Mzee Breki akasema ni nzuri zaidi, barabara imelainika. Mama Pindo alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, akaona vilevile. Anashuku mumewe alisema hivyo ili asimvunje moyo mdogo wake. Alipomuuliza wakiwa wawili tu, mzee alitabasamu na kubadilisha gia.

Ndiyo maana bado anauliza wateja. "Nilitaka mtu mmoja aniambie, Mama Pindo, kilichomsaidia mumeo ni hiki. Hayupo. Daktari hajui, fundi hajui, muuzaji hajui. Nimeanza kuzoea kutokujua."

Siku hizi Mzee Breki huenda kwa kinyozi mwenyewe, polepole, akisimama njiani kusalimia. Madereva wenzake wawili wamemtembelea, na hakujifanya amelala. Wamekaa naye mbele ya skrini wakimcheka anavyokata kona.

Hata hivyo ana lawama moja. Barabara za kwenye mchezo si zake. Zile alizopita ujana wake wote, na mizani zake za kupimia malori, na miteremko yake, hazimo humo. Na mkewe, katika miaka yote ya ndoa yao, hajawahi kuziona. Kila safari alibaki na watoto na cherehani.

Mpango wao, sare za msimu ujao zikiisha, ni kupanda basi la mchana na kuipita mojawapo ya barabara hizo mpaka mpakani, wao wawili tu.

Shemeji mtu ameshaanza kutoa ushauri kuhusu kampuni gani ya basi, kiti cha mbele au cha dirishani, upande wa jua au wa kivuli. Mama Pindo anaweka suruali iliyokwisha kando, anachukua nyingine.

"Nimemwambia anyamaze," anasema. "Nimeshamuuliza mwenye barabara yake. Amesema nikae mimi dirishani."