Odilia na Mbio za Mkwe Wake

Huko Uru, mlimani juu ya mji wa Moshi, ukimwuliza mtu yeyote habari za Odilia, atakuambia ni mama mkwe wa kupigiwa mfano. Mkwe wake Loveness alipojifungua, Odilia alimtunza miezi mitatu mizima: mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori jioni, maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, na hata kijiko hakumruhusu kuosha. Wanayosema ni kweli. Wasiyoyajua ndiyo yanayomnyima Odilia raha.

Loveness alikuwa mkimbiaji. Si wa kukimbia kupunguza mwili, la, wa kushindana. Kabla ya kuolewa na Primus, mwana wa Odilia, alishika nafasi ya pili katika nusu marathoni mjini Moshi, na hata baada ya ndoa aliamka alfajiri, akapanda mlima mpaka karibu na msitu na kurudi kabla chai haijachemka. Majirani walisema. Mke wa mtu, na bukta, mbele ya kanisa. Odilia aliwajibu kwamba zama zimebadilika, lakini moyoni aliona haya, na tena, tuseme ukweli, alikuwa amechoka. Ng'ombe hawali medali. Majani hukatwa mbali huko chini, yakapandishwa kwa kichwa, na aliyekuwa akiyapandisha ni yeye.

Mtoto Amon alipoanza kutambaa, Loveness alirudia mbio. Haikupita wiki, akarudi mapema, bukta imelowa, akamkuta Odilia jikoni akimenya ndizi.

"Mama, nikikimbia mkojo unanitoka," alisema kwa sauti ya chini. "Siwezi kuuzuia. Ni ugonjwa?"

Odilia aliyajua hayo kuliko alivyotaka kuyajua. Yeye mwenyewe ulikuwa ukimtoka tangu alipomzaa Primus: akikohoa, akicheka, akijitwika mzigo. Hakuwahi kumwambia mtu. Angeweza kumwambia Loveness hivyo tu, yakaisha. Badala yake akasema:

"Ni kawaida ya aliyezaa, mama Amon. Vumilia. Ila ukiendelea na hizo mbio, kizazi kitateremka."

Nusu ya kwanza aliiamini. Nusu ya pili aliitunga pale pale, kisu mkononi, huku akiwaza majani. Kesho yake Loveness hakukimbia, wala keshokutwa. Viatu vyake vya mbio akawa anavivaa kwenda kukata majani, na kila Odilia alipoviona vikipanda njia chini ya mzigo, aliangalia pembeni.

Mwaka ukapita. Akina mama wa jumuiya ya kanisa wakamwalika ukumbini Jasmeet, binti wa Kisingasinga mwenye kliniki ya mazoezi tiba mjini. Alipokwisha kuwaamkia shikamoo, Jasmeet hakuzunguka mbuyu: aliuliza ni nani hutokwa na mkojo akipiga chafya. Ndipo bibi Theodora akasema kwamba yeye kanisani hapigi chafya mpaka amebana miguu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Odilia alicheka kuliko wote, na kwa kucheka huko mkojo ukamtoka kidogo.

"Mficha uchi hazai, mama zangu," Jasmeet alisema. "Jambo hili ni la wengi, lakini si la kuvumilia. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba misuli ya chini ya nyonga, ile inayozuia mkojo na upepo wa tumboni, ikizoezwa kwa miezi kama mitatu, wengi hupata nafuu, na wengine hupona kabisa. Kukaa tu hakuiimarishi. Mkimbiaji anaanza na misuli hiyo, anatembea, kisha anarudia mbio kidogo kidogo."

Loveness akanyoosha mkono. "Mimi niliambiwa nikikimbia kizazi kitateremka."

"Nani alikuambia?"

Odilia akashika benchi kwa mikono miwili.

"Watu tu," Loveness alisema, bila kugeuza shingo.

Jasmeet akaeleza kwamba anayehisi uzito au kitu kinashuka aje apimwe, lakini kumtisha mtu aache mbio si tiba. Odilia hakusikia vizuri. Angetajwa jina, angeweza kukasirika, kujitetea, kusema alisikia kwa wazee. Mkwe wake alimsitiri mbele ya jumuiya nzima, na hilo lilimchoma kuliko tusi.

Jumapili kanisani hakwenda kupokea komunyo, akijiona hastahili. Baada ya misa akamwita Loveness uani.

"Lile la kizazi nililitunga," alisema. "Nilitaka unisaidie majani. Nisamehe, mwanangu."

Loveness alirudi nyuma hatua moja. "Mwaka mzima, mama. Majani nilijitwika kwa hofu, na Amon niliogopa hata kumbeba." Akaondoka zake.

Hilo la Amon Odilia hakuwa amelifikiria kabisa. Siku zilizofuata Loveness alimwamkia kama kawaida, akampakulia chakula kama kawaida, na hakuongeza neno. Odilia alishuka kukata majani peke yake bila kuombwa, akijua fika kwamba majani hayalipi deni la namna hiyo.

Loveness alipokwisha kwenda kliniki kwa Jasmeet, jioni moja alitandika mkeka sebuleni, akalala chali, magoti juu. Akasogea, akaacha nafasi.

"Lala hapa, mama."

"Mimi wa nini?"

"Nguo zako nafua mimi."

Odilia akalala. Loveness akamwelekeza: kaza, kama unazuia upepo, shikilia, legeza. Sauti yake haikuwa ya hasira, wala haikuwa ya msamaha. Odilia alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kushtakiwa kwa Primus. Kwa kufundishwa hakuwa amejiandaa. Machozi yakamtiririkia masikioni.

"Usilie sasa, mama," Loveness alisema, macho darini. "Ukilia unabana pumzi. Itabidi tuanze upya."