Nasike na Magazeti ya Tarach

Ukitaka kumuudhi Nasike, mwambie anashughulika na takataka. Mimi nilimwambia hivyo siku ya kwanza, nilipotumwa kubeba maboksi kutoka stoo ya kanisa Kakuma hadi maktaba anayofanyia kazi mjini Lodwar. Ndani mlikuwa na magazeti ya zamani ya kambi, *Sauti ya Tarach*, yaliyopewa jina la laga, ule mto wa msimu unaopita kando ya kambi, na kuchapishwa na wakimbizi wenyewe miaka ya tisini. Karatasi zilikuwa za manjano na mchwa walikuwa wamejilia watakavyo.

"Ekai," akanijibu, "wewe endesha gari. Takataka niachie mimi."

Nikaendesha. Lakini udadisi ni ugonjwa, na mimi ninao. Kila nikifika Lodwar nilizima injini nikaenda kuchungulia.

Nasike ni mzaliwa wa Kalemng'orok, mwembamba, mkali wa macho. Hufunga madirisha yote hata joto likichemsha ubongo, maana upepo wa Lodwar ukiingia na vumbi lake, kazi ya asubuhi nzima imeharibika. Huipangusa karatasi kwa brashi laini ya rangi, akailaza chini ya kioo, akaipiga picha kwa kamera iliyofungwa juu ya meza. Kisha anaisoma, na hapo ndipo penye utamu, kwa sababu hawezi kusoma kimya. Mbuzi wamekula mitihani ya darasa la sita! Kipa amefungwa mabao mpaka ameacha mchezo akaenda kuoga! Mwisho huchapa majina ya watu kwenye kompyuta, ili anayemtafuta jamaa yake aandike jina tu, na ukurasa utokee.

Asubuhi moja akaingia Thon, kijana Mdinka anayeuza nguo Kakuma, pamoja na mama yake, Aluel.

"Ejok," Thon akatusalimu kwa Kiturkana. Tukafurahi, tukawapa viti.

Shida yao ilikuwa hii. Mama alikuwa anarudi kwao Bor, Sudani Kusini, wiki iliyofuata, na gari lilikwisha kupatikana. Lakini alikataa kufunga mizigo. Mumewe, Kuot, alitangulia Kakuma wakati wa vita. Yeye alipofika na mtoto miaka kadhaa baadaye, aliambiwa ofisini kwamba mumewe amefariki. Basi. Alizikwa wapi, na nani, hakuna aliyejua.

"Nyumbani watu ya baba watauliza," Thon alisema. "Mlimuweka wapi? Nani alimzika? Mama hana jibu. Anaogopa aliachiwa fisi. Anasema bila jibu yeye haendi."

Nasike akaandika Kuot. Wakatokea akina Kuot wa kila namna: mchezaji mpira, mhubiri, mtoto aliyeshinda zawadi ya hesabu. Huyu hakuwemo. Akajaribu jina la babu yake Thon. Hakuna. Mama alikuwa akikazia macho kioo cha kompyuta kana kwamba mumewe angetokea humo mzimamzima. Mimi nilipandwa na hasira, nikataka kujua mashine hii inatusaidia nini ikiwa haimjui mtu mmoja.

Nasike alirudi kwenye kurasa za tanzia, akaziangalia moja baada ya nyingine, polepole.

"Kuna watu niliwaruka nilipochapa majina," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wameandikwa jina moja tu. Malual. Manyang. Nilidhani ni majina ya utani ya vijana." Akamgeukia Aluel. "Mama, mzee alikuwa na ng'ombe wake? Yule maksai wa kuimbiwa?"

Thon akatafsiri. Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akagusa kichwa chake, kueleza kwamba kichwa cha maksai huyo kilikuwa cheupe, na mwili wote mweusi.

"Makuei," alisema. "Alimpenda kuliko mimi."

Nikashindwa kujizuia. Mturkana mzima, kusahau kwamba mwanamume huitwa kwa jina la maksai wake! Babu yake mwenyewe Nasike, wenzake wa rika hawakumwita hata siku moja kwa jina la kitambulisho. Walimwita Lomeri, kwa maksai wake mwenye madoadoa, mpaka anaingia kaburini. Kweli nyani haoni kundule. Nasike aliniambia ninyamaze, na nikajua limemwingia.

Akampata. Akasoma, na safari hii kwa sauti ya chini: "Makuei ametuacha kwa malaria. Tumemzika ng'ambo ya laga, tukamwimbia ng'ombe wake. Mke wake akifika, amuulize Yak."

Thon akaruka kitini. "Yak? Huyu mzee wa kengele ya kanisa letu?"

Hatukungoja chai. Nasike alifunga maktaba, jambo ambalo sijamwona akilifanya tena, tukashika barabara ya Kakuma.

Tulimkuta Yak akifagia mlangoni pa kanisa. Thon alipomwambia mama yake ni mke wa Makuei, fagio lilimponyoka.

"Tulikutana njiani, tukitembea," alisema. Yak ni mtu wa upande mwingine kabisa wa Sudani Kusini. "Jina ya kadi sikuuliza. Sisi tuliimbiana ng'ombe tu. Nilisimama pale wageni wanashuka, miaka mingi, nauliza mke ya Makuei. Hakuna mtu anajua. Nikaacha."

"Mimi nilifika umeshaacha," mama alisema, na Thon akatutafsiria. "Na kila ofisi niliuliza Kuot."

Wakatazamana. Watu hawa wawili walikuwa wamepeana mikono ya amani kila Jumapili tangu Thon akiwa mtoto.

Yak akatuvusha laga. Kaburi lilikuwa na mawe, yamepangwa vizuri. Alisema mafuriko huyasogeza, na yeye hurudi kuyapanga.

"Kila mwaka?" Nasike aliuliza.

"Nitamuachia nani?"

Nasike akalia hadharani, bila kuficha uso, na mimi pia sikuwa na la kumcheka. Aluel hakulia. Aliinama, akaokota jiwe lililokuwa pembeni, akaliweka na mengine. Kisha akasimama, akamshika Yak mkono, akamwambia mwanawe maneno machache kwa Kidinka.

"Mama anasemaje?" nikauliza.

"Anasema twende nyumbani," Thon alijibu. "Anataka kufunga mizigo."