Namba ya Bawa Kwenye Geti

Baba yangu alipaka namba ya bawa lake kwenye geti letu mtaani Ruashi, kwa rangi nyeupe ya mafuta, chini kidogo ya namba ya lupango, yaani kiwanja chetu. Mtu unatoka kazini, miguu imevimba, unataka maji tu ya kunawa, halafu unakuta hiyo. Nilisimama pale na mkoba wangu begani nikasema: Mungu wangu, huyu mzee ataniua kabla ya siku zangu.

Anaitwa Faustin. Alikuwa fundi wa ndege pale uwanjani Luano hadi magoti yalipomkataa. Miaka yote hiyo kuna jambo moja lilimuuma. Ndege ikishuka polepole hulazimika kuinua pua, na pua ikiinuka rubani haoni vizuri njia iliyo mbele yake. Basi papa, ndivyo tunavyomwita baba, akawaza bawa linalogeuka lote, pale linapoungana na mwili wa ndege, kama vile vioo vya dirisha vya kufungua na kufunga. Bawa linainuka, pua inabaki chini, rubani anaona. Mfano wake wa bati, wenye bawaba za kabati, umekaa juu ya televisheni tangu nikiwa shuleni, na ole wako uuguse ukipangusa vumbi.

Na mimi, kwa bahati yangu mbaya, kazi yangu ni mambo ya wavumbuzi kama yeye, katika ofisi moja mjini. Mtu analeta wazo lake, nasoma, natazama michoro, natafuta linaingia kundi gani, maana dunia nzima imeupanga uvumbuzi kwa makundi. Bawa linaloshusha ukingo wake wa nyuma tu lina kundi lake. Bawa linalobadilisha pembe lote zima lina lingine: B64C 3/38. Ukishajua kundi, ndipo unaingia humo kutazama nani alikutangulia, maana wazo ni la aliyetangulia. Ni kazi ya macho na mgongo. Umeme ukikatika unangoja, ukirudi unaanza upya.

Jioni moja nilimwambia tu, "Papa, nilishapata kundi ya bawa yako." Nikamtajia namba. Hata viatu sikuwa nimevua.

"Mama Edith!" akamwita mama. "Balishatupa namba! Balishatupa!"

Lazima umjue mtu wa Ruashi. Hapa unajenga kwanza, halafu unaishi na wasiwasi mwaka baada ya mwaka. Geti likigongwa unadhani wamekuja kukufukuza. Kisha siku moja mpimaji anakuja, anakuandikia namba. Basi, imekwisha, hakuna tena wa kukutoa, wewe wala wajukuu zako. Papa aliposikia namba, alisikia lupango.

"Hapana, papa," nikasema. "Ile iko sawa kartie, mtaa muzima, haiko lupango. Mu kartie moja munaikala bantu bengi. Ningojee kwanza nione kama hakuna mwenye alishajenga."

Nani wa kusikia? Alishatoka kutafuta rangi. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa mkuu asiyesikia la mtoto, yeye huvunjika nini?

Mama akanunua kitenge cha namna moja kwa familia nzima. Misa ya shukrani ikatangazwa parokiani kwa Jumapili. Majirani wakaanza kumwita papa Mwenye Bawa, naye anaitika! Kila nikifungua mdomo naambiwa, "Edith, weye uko na wivu ya baba yako?" Wivu, mimi! Nikamega tonge la bukari, ugali wetu, nikala.

Ofisini nikaingia katika lile kundi. Nilitaka nisikute kitu. Nilikuta. Bawa lile lile, linageuka pale pale, na sababu imeelezwa wazi: rubani apate kuona njia. Waliolichora walifanya hivyo papa hajazaliwa. Nikaweka kichwa juu ya meza. Nilikuwa nimechoka na namba, nimechoka na mabawa, nimechoka kuwa mimi ndiye wa kupeleka habari.

Jumamosi nilimkuta sebuleni akijaribu shati lake la kitenge, mama ameshika pini mdomoni. Nikasema yote bila kuzunguka, maana kesho yake angesimama mbele ya watu kushukuru kwa kitu cha wengine.

Mama alitoa pini mdomoni, akakaa chini, mikono kichwani. "Yo, mawe! Na bantu bote tulishaalika!"

Papa alitazama ule mfano wa bati juu ya televisheni. Kisha akauliza, "Ilirukaka?"

"Nini, papa?"

"Ndeke yabo. Ilirukaka?"

Nilikuwa nimesoma hata hilo, habari ya ndege yao. "Ilirukaka."

"Na rubani, alionaka njia?"

"Alionaka, papa."

Akavua shati taratibu, akachukua kitambaa na petroli, akaenda getini. Nikamfuata, nikamwomba aiache namba ile, nani atajua? Nilikuwa nalia kama mtoto, mimi mwanamke mzima.

"Muntu hawezi kuikala mu lupango ya mwenzake," akasema, akaendelea kusugua. Ikabaki namba ya lupango peke yake.

Nilidhani misa nayo imefutwa. Kumbe asubuhi yeye ndiye aliyetangulia kuvaa. Padri alipouliza familia inashukuru kwa ajili ya nini, mama alinibana mkono. Papa akainuka, magoti yakimlilia.

"Kuko bantu balinitangulia," akasema. "Kwa sababu yabo barubani balionaka njia. Tunatoa aksanti."

Watu wakapiga makofi bila kuelewa. Mimi nilielewa, nikapiga makofi hadi viganja vikauma, na uchovu wangu wote mwilini.