Katuni Iliyosomwa Kwenda Chini

Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Nukta alisahihisha magazeti. Alipostaafu, kalamu yake nyekundu ilikataa kustaafu. Alisahihisha barua za mialiko, maelezo ya dawa, hata kibao cha kinyozi. Gazeti lake la zamani likaona heri limpe safu ya kuhakiki vitabu kila Jumamosi, angalau ukali wake upate pa kutulia.

Wiki moja mhariri alimletea mkusanyiko wa katuni za shujaa wa kike anayeruka mapaa. Aliyezichora ni binti yake mwenyewe Mzee Nukta, kitinda mimba, aliyeacha kung'oa meno ya watu ili achore.

"Nenda naye taratibu," mkewe alimsihi. "Kaniapia, ukisema ni upuuzi anarudi kung'oa meno."

"Kalamu haina mtoto," akajibu. Akakaza uzi ulioshikilia mkono wa miwani yake, akaketi kusoma.

Maskini, alitaabika! Ukurasa wa kwanza tu, shujaa anakunywa chai, anapanda paa bila sababu, anaangukia pipa la taka, ndipo anasikia yowe la kuomba msaada. Anaruka, kisha anamwomba radhi mwenye pipa. Kurasa zote mia mbili zilikuwa vivyo hivyo, majibu yakitangulia maswali. Aliyempendeza ni mmoja, Kalamu Nyekundu, mzee nadhifu anayefuta makosa ya mji. Akaandika bila kupepesa: "Mchoraji hajui mbele wala nyuma. Mwenye akili humu ni Kalamu Nyekundu peke yake."

Jumamosi gazeti likatoka. Kufika saa sita mchana binti alishamwandikia mama yake: kalamu zimeingia sandukuni, Jumatatu anarudi kliniki.

Mama hakugomba. Yeye ambaye hakuwahi kumaliza kitabu maishani, alikichukua kile akaingia nacho jikoni. Punde kikasikika kicheko, mtu anacheka mpaka anashika meza.

"Unacheka nini na mtoto analia?" Mzee Nukta akauliza mlangoni.

"Huyu kaangukia pipa la watu, halafu anamwomba radhi mwenyewe!"

"Na lile yowe?"

"Si alilisikia akiwa na kikombe mkononi, ndiyo akapanda paa? Hebu, baba watoto, kwani wewe unasomaje?"

Mzee Nukta akaweka kidole kwenye picha ya kwanza, akakiteremsha, akakiteremsha hadi chini kabisa, kisha akapanda juu kuanza safu ya pili. Hivyo ndivyo safu za gazeti zinavyosomwa. Mkewe akakishika kidole kile, akakivusha upande wa pili.

"Kando, mume wangu. Hili si gazeti."

Wakakisoma upya, bega kwa bega. Kwenye pipa Mzee Nukta alicheka kwa pua, asitake kuonekana. Lakini walipofika kwa Kalamu Nyekundu kicheko kilikatika. Yule mzee hakuwa akifuta makosa. Alikuwa akifuta watu, mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake mjini.

"Kumbe huyu ndiye adui," akasema polepole.

"Na miwani yake ina uzi," akasema mkewe.

Ukurasa wa mwisho shujaa hampigi. Anampa kifuniko cha kalamu na kumwambia, "Funika, tukale." Mzee Nukta akavua miwani. Aliona aibu, ile ya kweli inayochoma masikio.

Jumamosi nyingine ilikuwa mbali. Akachukua karatasi, akaandika: "Masahihisho. Mhakiki alisoma kwenda chini badala ya kwenda kando. Asiyejua mbele wala nyuma ni yeye. Mchoraji ni binti yake, naye anamwonea fahari"

Akaipeleka mwenyewe kwa miguu. Mlangoni kwa binti yake alikosa ujasiri wa kubisha, akaipenyeza chini ya mlango, akasimama. Kisha akasikia sanduku likiburutwa na kufunguliwa.

Karatasi ikarudi ilikotoka. Mwisho wa sentensi ya mwisho palikuwa na doa moja jekundu, limezungushiwa duara. Chini yake pameandikwa: "Umesahau nukta, Baba. Ingia."