Mzigo wa Baiskeli Moja

Tusekile, mwalimu wa hisabati wa kijiji cha Makwale, alikuwa ametengeneza gemu ya simu kuhusu mjane anayefukuzwa na shemeji zake. Jumamosi moja alimpa jirani yake Teodora, muuguzi aliyefiwa na mume, aijaribu. Tusekile mwenyewe hakuweza kukaa kitako. Aliinuka, akageuza kakao iliyoanikwa, akarudi.

"Mwalimu, mjane kafungiwa mlango, halafu mimi napewa fumbo la kupanga namba!" Teodora alilalamika, akaiweka simu chini. "Hata kilio chake nimeshakisahau."

Maneno yale yalimchoma. Kwa wiki mbili Tusekile hakutulia, akifuta na kuandika upya. Fumbo jipya lilikuwa gumu kuliko la kwanza: mjane apakie vitu vyake kwenye baiskeli moja, na kila atakachokiacha kibadilishe maisha yake ya mbele.

Alipopewa simu tena, Teodora alishindwa mara tatu. Mara ya nne aliacha kitanda cha ndoa, akapakia cherehani na madaftari ya watoto. Machozi yakamlengalenga.

"Nilirahisishe?" Tusekile aliuliza.

"Usiliguse. Kuondoka kwangu kulikuwa kugumu hivihivi."

Teodora akaendelea kucheza. Tusekile akabaki amesimama, hajui aketi wapi.