Kompyuta Iliyobaki Mwaka 2009

Ukiingia kwenye steshenari ya Mwasiti pale Mwanga, karibu na soko, anayekupokea kwanza si Mwasiti. Ni feni ya kompyuta yake, inayokoroma kama mtu aliyelala chali. Halafu ukitupa jicho kwenye skrini, pale chini pembeni, unaona leo ni tarehe mosi Januari, mwaka 2009. Kesho ukirudi utakuta hivyohivyo. Ndani ya kompyuta kuna kibetri bapa, mviringo, chenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, ambacho kazi yake ni kukumbuka tarehe wakati mashine imezimwa. Cha Mwasiti kilikufa siku nyingi. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inaamka ikiamini kwamba mwaka mpya wa 2009 ndiyo kwanza umeingia.

"Dada, kibadilishe," mdogo wake Shadya alikuwa akimwambia. "Bei ya soda tu."

"Nitakibadilisha."

Elikana, fundi redio wa fremu ya jirani, hakumwacha apumue. "Dada Mwasiti, huko 2009 mafuta ya taa bei gani? Nichukulie lita tano basi."

Mwasiti alicheka au alisonya, kutegemea siku. Wateja walitaka barua na kopi, hawakutaka saa. Saa alikuwa nayo kwenye simu.

Sasa, Mwasiti ni mtu ambaye ukimwona anabana karatasi kwa stepla huwezi kujua kichwani mwake kuna nini. Aliishia kidato cha nne, lakini hesabu hazikuishia hapo. Jioni, wateja wakipungua, alikuwa akitazama masomo ya kompyuta mtandaoni, akirudiarudia mpaka bando linakata. Ndiyo njia iliyomfikisha kwenye sarafu za mtandaoni.

Alianza na uchimbaji, na uchimbaji ukamchosha vibaya. Usifikirie jembe. Wachimbaji wanachukua orodha ya malipo ya watu waliotumiana sarafu, wanabandika namba moja ya kubahatisha, wanaipitisha yote kwenye hesabu fulani inayosaga kama mashine ya unga. Kinachotoka ni namba ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Ikianza na sifuri nyingi za kutosha, umeshinda. Isipoanza hivyo, unabadilisha ile namba ya kubahatisha na kusaga upya. Hiyo namba wanaiita nonsi, yaani namba ya kutumika mara moja tu.

Kompyuta yake ilisaga wiki mbili. Uniti za umeme wa LUKU zikayeyuka, feni ikapiga kelele, akapata sifuri kamili, na si zile alizozitaka.

"Lakini nimeshajaribu mamilioni," alimlalamikia Shadya. "Si lazima nitakuwa nimekaribia?"

Shadya alikuwa anakunywa soda. Akakitazama kizibo chake kwa ndani kutafuta zawadi, akakitupa. "Nimefungua soda ngapi maisha yangu yote? Hiki cha leo kilikuwa na habari na vya jana?"

Ndivyo ilivyo kweli. Kila nonsi ni kizibo kipya, hakijui vizibo vilivyotangulia. Na wachimbaji wakubwa duniani wana malori ya kreti wakati Mwasiti ana chupa moja. Akaacha.

Bahati yao ikaja kwa mlango mwingine. Kampuni moja ya nje ilikuwa inatafuta watu wa kusikiliza rekodi za Kiha na kuziandika kwa Kiswahili, na ilikuwa inalipa kwa sarafu hizohizo. Baba yao alikuwa mtu wa Ujiji, mama yao Muha, na Shadya ndiye aliyelelewa na mama yao mdogo, Honorata, kule Kidahwe, kwa hiyo Kiha anakiota usiku. Basi Shadya anasikiliza na kutafsiri, Mwasiti anachapa. Wakafanya hivyo miezi mingi. Lengo lao lilikuwa moja, kununua mashine yao ya fotokopi ya rangi, waache kuwaelekeza wateja kwa watu wengine.

Sarafu hizo zinakaa kwenye pochi ya mtandaoni, na pochi inafunguliwa kwa ufunguo wa siri, mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu. Programu za pochi za watu zote ziliikataa ile kompyuta kwa uzee wake. Mwasiti akaamua kuandika ya kwake, akifuata somo mstari kwa mstari. Siku ya kuingiza ufunguo, Shadya alisoma kwa sauti ya chini, Mwasiti akachapa. Watu wawili tu duniani waliuona.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kila unapotuma sarafu, programu inaweka saini kuthibitisha kwamba ni wewe. Saini inachanganya vitu vitatu: ujumbe wa malipo, ufunguo wako wa siri, na nonsi. Hii nonsi si ile ya wachimbaji ambayo kila mtu anaiona. Hii ni ya siri, na somo lilisisitiza kwamba ichaguliwe upya kila saini, kwa bahati nasibu kabisa, wala isijirudie hata mara moja. Kifaa cha programu cha kuchagua namba hizo kikagoma kuingia kwenye kompyuta. Mwasiti akagombana nacho mpaka kichwa kikamuuma. Mwisho akapata wazo, akalipenda sana. Kitu gani hakijirudii? Wakati. Akaiambia programu itengeneze nonsi kutoka kwenye saa ya kompyuta: mwaka, mwezi, siku, saa na dakika.

Alitia saini mara mbili tu. Mara ya kwanza aliuza sarafu kidogo ili anunue wino wa printa. Mara ya pili, wiki kadhaa baadaye, akauza kidogo tena kwa ajili ya kodi ya fremu. Zote mbili umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Uliporudi, Mwasiti alifanya kama wafanyavyo wenye maduka wote pale Mwanga: akaikimbilia mashine, na mara ilipoamka tu, kazi kubwa kwanza, kabla hawajakata tena.

Baada ya ile ya pili akaenda kuchukua chapati. Aliporudi, pochi ilikuwa tupu.

Alifunga, akafungua. Tupu. Akatoka mlangoni. Shadya alikuwa amekaa kwenye kizingiti na simu mkononi, anacheka na kitu alichotumiwa.

"Umefanya nini?"

"Nimefanya nini wapi?"

"Sarafu zote zimeondoka. Ufunguo tunaujua wawili, mimi na wewe."

Shadya alidhani ni utani. "Basi tukamatwe wote wawili."

"Sicheki, Shadya. Ulikuwa unafanya nini kwenye simu?"

Sasa akaelewa. Akasimama polepole. "Dada, nusu ya zile sarafu ni masikio yangu. Nijiibie?"

"Nusu nyingine je?"

Elikana alizima redio aliyokuwa akiitengeneza. Shadya alimpita dada yake mlangoni. Aliingia ndani, akatoka na begi na kitenge, akapita mbele ya watu wote wa fremu zile, na jioni hiyo alikuwa Kidahwe kwa mama mdogo.

Simu hakupokea. Ujumbe alisoma, hakujibu. Mama mdogo Honorata alipokea mara moja tu. "Amahoro, mwanangu," alimsalimia kwa Kiha. "Mwenzio yupo, anakula, analala. Kuongea na wewe hataki." Akakata.

Wiki zilizofuata Mwasiti alikuwa kama mtu mwenye kokoto kwenye kiatu. Alichapa barua za watu kwa makosa. Aligombana na printa, na feni, na Elikana aliyethubutu kuuliza kama Shadya anarudi lini. Jioni alifungua ile orodha ya malipo ya dunia nzima, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, akautazama mstari wa wizi. Anwani ya mwizi ilikuwa mlolongo wa herufi tu. Haikuwa na jina wala sura. Kwa hiyo kila usiku aliipa sura ya mdogo wake, na kila asubuhi akaona aibu, na bado hakuwa na maelezo mengine. Ufunguo ulijulikana na wawili.

Halafu siku moja akaja Mzee Leonardi wa Katubuka, amekasirika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, umeniponza."

Alitandaza karatasi mbili kwenye kaunta. Zilikuwa matokeo ya mjukuu wake, aliyoyaprinti hapohapo kutoka mtandaoni. Ya kwanza ililoa mvua, akaja wiki nyingine kuprinti nyingine, akazipeleka zote mbili ofisi ya elimu.

"Wananiambia nimeghushi. Hebu soma hapa chini."

Pembeni, kwa maandishi madogo, printa ilikuwa imeweka tarehe na saa. Karatasi ya kwanza: 01/01/2009, 00:04. Karatasi ya pili: 01/01/2009, 00:04.

"Nimekuja siku mbili mbalimbali," alisema mzee. "Dakika nayo inafanana? Wamenicheka, mwanangu. Mtu mzima mimi."

"Siku hizo umeme ulikuwa umekatika, mzee?"

"Zote mbili. Nilikaa hapo nje nikisubiri urudi. Ulipowaka tu ukanihudumia mimi wa kwanza."

Mwasiti alizitazama zile karatasi bila kupepesa. Kompyuta yake inachukua dakika nne kuamka. Umeme ukirudi, inaanza usiku wa manane wa mwaka mpya wa 2009, na yeye anafanya kazi ya kwanza dakika ya nne. Kila mara. Wakati haujirudii, isipokuwa ndani ya fremu yake.

Akamprintia Mzee Leonardi upya bure, akaandika tarehe ya leo kwa kalamu na kugonga muhuri wa duka. Mzee alipoondoka akafungua ile orodha ya dunia nzima, lakini safari hii hakutazama mstari wa wizi. Alitazama saini zake mwenyewe mbili. Saini moja ina vipande viwili, na kipande cha kwanza kinatokana na nonsi peke yake. Akakisoma cha saini ya wino, kisha cha saini ya kodi, tarakimu kwa tarakimu, kidole kwenye skrini.

Vilikuwa kitu kimoja.

Jumapili alifunga duka akaenda Kidahwe. Shadya alikuwa amekaa kando ya barabara ya Kasulu, nyuma ya meza ya mama mdogo, anauza mananasi na maembe. Hakuinuka.

"Shadya, si wewe."

"Najua si mimi."

"Naomba nikueleze." Mwasiti alichukua embe moja na nanasi moja, akaviweka pamoja. "Nikikuambia hivi viwili ni elfu tatu, utajua bei ya embe?"

"Sitajua."

"Nikiongeza embe, maembe mawili na nanasi lilelile, nikakwambia elfu nne?"

"Embe elfu moja, nanasi elfu mbili." Shadya hakufikiria hata kidogo. "Haya, embe ndiyo ufunguo?"

"Ndiyo. Na nanasi ni ile namba ya siri. Ilitakiwa kila saini iwe na nanasi lake ili mtu asiweze kutoa hesabu. Mimi nimetumia nanasi moja mara mbili, hadharani, dunia nzima inaona. Kuna watu wana programu zinazozunguka mchana na usiku zikitafuta saini zinazofanana hivyo. Wakaukokotoa ufunguo wenyewe. Hakuna aliyewaambia."

"Nanasi lilijirudiaje?"

"Saa ya kompyuta."

Lori lilipita, vumbi likatua juu ya maembe, Shadya akayafuta moja moja kwa kitambaa.

"Na hili umelijuaje?"

Akamsimulia habari za Mzee Leonardi na karatasi zake.

"Kwa hiyo," Shadya alisema, "mvua isingelowesha karatasi ya mzee wa watu, mimi ningekuwa mwizi mpaka leo."

Mwasiti alikuwa amekuja na maelezo yote, kuanzia sifuri za wachimbaji mpaka vipande vya saini. Hilo hakuwa amelipigia hesabu.

"Jibu, dada. Wewe si mtu wa namba?"

"Nisamehe."

"Sikuuliza hivyo."

Gari dogo lilisimama. Shadya akainuka, akauza mananasi matatu kupitia dirishani, akarudisha chenji, akasubiri gari liondoke ndipo akakaa tena.

"Kibetri umebadilisha?"

"Bado. Nilitaka nije huku kwanza."

Shadya alimtazama dada yake kama mtu anayetazama kitu kilichomshinda kukitengeneza. "Mpaka leo," alisema taratibu. "Sarafu zimeondoka, mimi nimeondoka, na huko bado ni 2009. Kabadilishe kwanza. Halafu ndiyo uje tuongee."

Mwasiti alichagua nanasi moja, akauliza bei. Shadya akamtajia ileile anayowatajia abiria, akapokea pesa, akamrudishia chenji yake mkononi.