Mzee wa Kesha

Musau alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha rangi mtaa wa Baba Dogo, mtu mpole ambaye hata mikutano ya wapangaji ilimruka wakati wa kuuliza maoni. Tulikaa ploti moja Kayole, mlango kwa mlango, kwa hivyo asije mtu akaniambia natia chumvi.

Mwaka wa tisini na tano hivi, usingizi ulimtoroka. Alijikuna mpaka akajichubua, miguu ikamcheza kitandani kama mtu anayeendesha cherehani, na mkewe Nthoki akahamia mkekani. Mtu mwenye akili zake angekwenda zahanati. Musau alikwenda kanisani, kwenye kesha la Ijumaa.

Huko wakamvika kilemba cha ukoka. Waumini walipokuwa wamelaliana mabegani, yeye alikuwa bado anatembea huku na huku akiomba kwa sauti, maana miguu haikumruhusu kukaa. Pasta Kitonga akatangaza kwamba ndugu huyu ana kipawa. Haukupita muda, Musau akawa mwenyekiti wa makesha, akiitwa Mzee wa Kesha na watu waliokuwa wakimpita bila salamu. Wanafunzi walimwomba awawekee mikono mitihani ilipokaribia. Uso ulipoanza kumvimba, tuliambiwa ni utukufu unashuka. Mimi nilicheka, nikanyamazishwa.

Mwishowe alianguka kazini, akapelekwa hospitali. Daktari Kageha, mama asiyependa porojo, alimuuliza kama analala vizuri.

"Mimi silali, daktari," Musau akajibu, kifua mbele. "Nimepewa."

"Umepewa na figo," daktari akasema. "Hazifanyi kazi tena. Uchafu umejaa kwenye damu, ndio unakuwasha na kukurusha miguu. Tutakusafisha damu kwa mashine kila wiki, la sivyo utakufa."

Nthoki aliangua kilio. Mumewe yeye alitaka kujua kama mashine inaweza kusafisha damu na kumwachia kukesha kwake.

Kesho yake Nthoki alinikuta nikianua nguo. "Anataka kukataa mashine," akaniambia. "Ati akianza kulala atakuwa karani tu. Mama, mimi niliolewa na karani. Huyo ndiye namtaka." Nilipandwa na hasira, nikataka kwenda kumzaba kofi mgonjwa wa watu.

Nthoki hakumzaba. Alimwambia asipokwenda kwa hiari, yeye mwenyewe atasimama kanisani aseme kipawa kinatoka wapi. Musau akaenda.

Sasa usidhani usingizi ulirudi mbio. Mchana alisinzia kwenye kiti cha mashine, usiku miguu ikaanza tena. Nthoki alipolalamika, daktari alimwambia wengi wanaoanza huhangaika hivyo hivyo, avumilie. Musau alifurahi ajabu. "Bado ninacho, mke wangu!" alimwambia mkewe alfajiri, macho mekundu. Pasta naye akafurahi, akamwandalia Jumapili ya ushuhuda, aje aeleze jinsi ugonjwa ulivyoshindwa kumnyang'anya kipawa chake.

Siku hiyo alivaa suti, akaketi benchi la mbele na mkewe. Kwaya ikaimba, pasta akamsifu kwa kirefu.

"Mzee wa Kesha, simama!"

Hakuinuka mtu.

"Mzee wetu!"

Musau alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, tai imepinda, kwenye ibada ya mchana kweupe. Watu wakaanza kunong'ona. Shemasi mmoja akaja amtikise.

"Ukimgusa mume wangu, tutaonana mimi na wewe," Nthoki akasema, machozi yakimtiririka. Kisha akamgeukia mhubiri. "Pasta, endelea tu. Lakini polepole."

Pasta Kitonga akafungua Biblia, akasoma kwa sauti ya chini. Muda wote ule wa makesha na sifa, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza Nthoki kama yeye analala. Kabla pasta hajafika mwisho wa sura, Nthoki aliegemea bega la mumewe, na yeye usingizi ukamchukua.